Violeti ya Usambara: kuitambua porini na kuiotesha Tanga kwa jani moja

Anayeitafuta violeti ya Usambara kwa rangi ya ua hatafika mbali. Karibu zote za porini zina ua la buluu lenye kuelekea zambarau, hafifu hapa, lililokolea pale, na mmea uleule hubadilisha rangi kidogo kwa kivuli na kwa umri wa ua. Kinachotenganisha aina moja na nyingine ni vinyweleo vya jani, mwendo wa shina na umbo la tunda. Ua liangalie mwisho, kwa ajili ya kuthibitisha tu.

Wakazi wa mkoa wa Tanga wana bahati ambayo wapenda maua wa ng'ambo wanaitamani. Kile kichungu cha maua ya zambarau kinachouzwa madirishani Ulaya na Marekani asili yake ni hapa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya wakati wa Wajerumani, alipeleka mmea huu kwa baba yake huko Ujerumani. Baba akaupeleka kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akauandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Saint Paul alieleza sehemu mbili alikoukuta. Ya kwanza ni kwenye miamba ya chokaa karibu na mji wa Tanga, makumi machache tu ya mita juu ya usawa wa bahari. Ya pili ni ndani ya msitu mnene wa Usambara, kwenye mwamba mgumu usio na chokaa, mita mia kadhaa juu. Sehemu hizo mbili zikumbuke, kwa sababu zinaeleza mengi ya huko mbele: mmea huu unastahimili chokaa na unastahimili kukosa chokaa, lakini hakuna hata mahali pamoja alipoukuta juani wala kwenye udongo mzito.

Kuhusu majina, usichanganyikiwe. Tangu mwaka 2015 wanasayansi wameuingiza mmea huu ndani ya jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo yule wa Tanga sasa anaandikwa Streptocarpus ionanthus. Wauzaji na wapenda maua wengi wamebaki na Saintpaulia. Aina nyingi zilizokuwa spishi kamili katika orodha ya mtaalamu wa mimea B. L. Burtt ya miaka ya 1950 na 1960 sasa ni nususpishi, yaani matawi ya spishi moja, za ionanthus. Ukiandika kibao cha mmea wako, andika majina yote mawili, la zamani na la sasa, pamoja na mahali ulipotoka. Mahali ndipo pana thamani zaidi, maana majina yatabadilika tena.

Wapi pa kutazama

Tazama mwamba. Violeti hizi hazioti ardhini katikati ya majani makavu ila kwa nadra. Zinakaa kwenye nyufa na vibaraza vya mawe, pale ambapo mboji kidogo na kuvumwani vimejikusanya, mara nyingi unene wa sentimita mbili tatu tu. Upande wa mwamba usiopigwa na jua la mchana ndio wenyewe. Maji yanapita karibu lakini hayatuami. Palipo na maporomoko, tazama mawe yanayofikiwa na rasharasha, usitazame yale yanayopigwa na maji yenyewe. Katika Usambara Mashariki baadhi huota pia juu ya magogo yanayooza na kwenye sehemu za chini za mashina ya miti.

Karibu na mji, nchi ya mawe ya chokaa ya Amboni na mabonde ya mito Sigi na Mkulumuzi ndiyo makazi ya ionanthus wa pwani. Huko mmea unavumilia kiangazi cha Januari na Februari kwa kulegeza majani mpaka yananing'inia mwambani, kisha mvua za masika zinapoanza unainuka tena. Mtu asiyejua huudhania umekufa. Kinachouua kweli ni kukatwa kwa miti ya juu. Kivuli kikiondoka, mwamba hupata moto, kuvumwani hukauka na kubanduka, na violeti hubanduka nayo. Ndiyo sababu uchimbaji wa mawe ya chokaa na ukataji wa mkaa ni hatari kubwa kwake kuliko mchumaji wa maua.

Mimea mitatu huwapoteza wageni. Wa kwanza ni begonia za porini, ambazo nazo hupenda mwamba mbichi: shika jani uone kitako chake, pande mbili za jani la begonia hazilingani. Wa pili ni jamii ya Impatiens: shina lina majimaji, linavunjika kwa urahisi, na ua lina mkia mwembamba nyuma. Wa tatu ni ndugu wa karibu, Streptocarpus wengine wa msituni, ambao ua lao lina bomba refu kabla ya petali kufunguka. Violeti ya Usambara haina bomba la kuonekana. Ua lake ni bapa, petali tano, mbili za juu ndogo na tatu za chini kubwa, na katikati vifuko viwili vya njano vya chavua vilivyoshikamana.

Vifaa na namna ya kutazama

Chukua lenzi ya kukuzia mara 10, rula yenye milimita, tochi ndogo, daftari na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka msituni, penseli haiyeyuki. Simu yenye kamera nzuri inasaidia, lakini haichukui nafasi ya lenzi, kwa sababu picha ya jani iliyopigwa kutoka juu haionyeshi vinyweleo vimesimama au vimelala, na hilo ndilo swali la kwanza.

Mwanga wa tochi upige jani kwa ubavu, tochi ikiwa imelazwa karibu usawa na jani. Vinyweleo vilivyosimama vitatupa vivuli na vitaonekana kimoja kimoja. Vilivyolala vitang'aa kama hariri bila kutoa kivuli. Kisha tazama urefu: vyote ni vya urefu mmoja, au kuna virefu vilivyochanganyika na vifupi? Aina iliyoitwa diplotricha, ambayo makazi yake ni upande huu wa Tanga, imepata jina hilo kwa sababu ya kuwa na vinyweleo vya namna mbili. Tazama jani lililokomaa la safu ya katikati. Jani changa lina vinyweleo vingi vilivyobanana kwa kila aina, na jani zee limeshachakaa, kwa hiyo yote mawili yatakudanganya.

Baada ya vinyweleo, shina. Kuna violeti ambazo shina halionekani: majani yote yanatoka kitovuni na kupangana duara. Kuna zinazotambaa, shina linaonekana wazi kati ya jani na jani, lina vichwa vingi, na mara nyingi linaning'inia. Mtego uliopo ni kwamba mmea mzee wa aina ya duara, ukishapoteza majani ya chini kwa miaka, nao huota shingo ndefu na kujifanya unatambaa. Hesabu vichwa. Shina moja lenye makovu ya majani yaliyoanguka na kichwa kimoja ni mzee. Mashina yanayochipua pembeni na kila moja likiwa na kichwa chake ni aina inayotambaa kweli.

Jani lenyewe: andika urefu na upana kwa milimita, urefu wa kikonyo, ukingo (umenyooka, una meno, meno makubwa au madogo), ncha (butu au iliyochongoka), na rangi ya chini ya jani. Chini pakiwa pekundu-zambarau ni jambo la kuandika. Pakiwa kijani hafifu, andika pia.

Tunda ndilo watu wengi hulisahau, na hapo ndipo mimea miwili iliyofanana kwa kila kitu hutengana. Baada ya ua kudondoka, kikonyo chake hubaki na kijitunda cha kijani ambacho kwa aina nyingine ni kifupi na kinene, kwa nyingine ni chembamba kinachoweza kufika sentimita mbili. Kipime bila kukichuma.

Kuna jambo moja la ua linalofaa kutazamwa kwa raha tu. Kijiti cha kike hakisimami katikati, kimeinama upande. Katika maua mengine kimeinamia kushoto, katika mengine kulia, hata kwenye mmea mmoja. Ua halina asali. Nyuki anayekuja anataka chavua, naye huitikisa kwa mtetemo wa misuli ya kurukia huku amening'inia kwenye vifuko vya njano. Kijiti kilichoinama humgusa ubavu. Akienda kwenye ua linaloinamia upande wa pili, chavua ya ubavu ule inapata pa kushika.

Aina zinazopatikana mkoani

Sitataja zote. Hizi ni zile ambazo mtu wa Tanga, Muheza, Korogwe au Lushoto anaweza kukutana nazo, na ambazo alama zake ziko wazi.

Streptocarpus ionanthus wa pwani ni wa mawe ya chokaa ya nchi ya chini. Umbo ni la duara, majani mazito yenye kijani kilichokolea, ua la zambarau-buluu. Huyu ndiye mama wa machotara ya madukani, pamoja na aina iliyokuwa ikiitwa confusa.

Nususpishi grotei ni wa Usambara Mashariki, pande za Amani, kwenye mwinuko wa karibu mita 900. Anatambaa, vikonyo ni virefu na vinalegea, jani ni duara lenye meno kwenye ukingo. Vinyweleo vyake vingi hulalia jani. Kikundi chake sasa kimewameza waliokuwa wakiitwa amaniensis na magungensis, kwa hiyo ukisoma kitabu cha zamani usishangae kuwakuta wakiwa spishi tatu.

Pendulus anatoka Usambara Mashariki pia, pande za Mtai. Ananing'inia, na kikonyo cha maua hubeba ua moja badala ya fungu. Hiyo alama ya ua moja haina mshindani, ila usihukumu kwa kikonyo kimoja. Tazama vitano au sita, maana mmea wenye njaa wa aina yoyote unaweza kutoa ua moja moja.

Tongwensis, wa mlima Tongwe, ana jani refu lililochongoka lenye mstari hafifu unaofuata mshipa wa kati. Difficilis ana majani ya kijani cha njano yaliyokunjwa kingo kwenda juu. Majina haya mawili ni ya zamani, lakini wapandaji wanayatumia mpaka leo kwa sababu mimea yenyewe haifanani machoni.

Ukivuka kwenda Usambara Magharibi, mambo hubadilika. Velutinus ana jani lenye vinyweleo vingi vilivyosongamana, laini mkononi, na chini pekundu-zambarau. Ua lake lina ncha nyeupe kwenye petali. Orbicularis ana jani la duara na ua hafifu lenye kitovu cha rangi iliyokolea. Grandifolius ana majani mapana na membamba unene, na hutoa maua mengi kwa fungu. Juu kabisa, pande za Shume, kwenye baridi ya mita karibu 2000, yuko Streptocarpus shumensis: mdogo, majani ya duara yenye vinyweleo virefu vilivyosimama mbalimbali, ua karibu jeupe lenye doa la zambarau katikati. Huyo ni spishi yake peke yake, na ndiye anayeteseka kuliko wote akishushwa mjini.

Je, kama ua ni la pinki iliyokolea, petali ni za safu mbili, kingo zimekunjamana, au jani lina mabaka meupe? Huo si wa porini. Ni chotara wa bustani. Mtu akikuambia ameutoa Amani, ameutoa kwenye bustani ya nyumba fulani ya Amani.

Kabla ya kugusa

Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, na katika hifadhi nyingine za misitu mkoani, huruhusiwi kuchukua mmea, wala jani, wala mbegu bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ofisi zake zipo, na kuuliza si kazi. Kwenye shamba la mtu, muombe mwenye shamba. Na hata ukiruhusiwa, using'oe. Mmea uliong'olewa mwambani una mizizi michache myembamba iliyoshika jiwe, hukatika yote, na mara nyingi huoza njiani kabla hujafika Muheza. Jani moja lenye kikonyo linatosha, na mmea mama hautakosa kitu. Chaguo rahisi zaidi ni kupata jani kwa mtu ambaye tayari anaotesha.

Jani lisafirishe hivi: lifunge kikonyo kwa karatasi laini iliyolowa na kukamuliwa, tia ndani ya mfuko wa plastiki wenye hewa kidogo, funga, weka kivulini. Usiliache kwenye gari lililofungwa madirisha juani. Hivyo linakaa siku mbili tatu. Ukilitia kwenye friji linaharibika, maana baridi chini ya nyuzi 10 inaua seli zake, na madoa meusi yenye majimaji hutokea siku ya pili.

Udongo wa kopo

Hapa ndipo violeti nyingi za Tanga hufia, na kosa ni lilelile: udongo wa bustani, mweusi, mzuri kwa mchicha. Ndani ya kopo udongo huo hushikana, hewa inakosekana, mizizi inaoza. Kwenye vitabu vya nje utaambiwa ununue piti, mboji ya vinamasini. Huna haja nayo, una nazi.

Kwa ndoo ya lita 10, changanya unga wa makumbi lita 5, mboji ya majani iliyooza kabisa na kuchekechwa lita 2, chenga za mkaa za milimita 3 hadi 6 lita 2, na mchanga mkubwa wa mtoni lita 1. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha chokaa ya kilimo. Isiwe chokaa ya kupaka ukuta, ile inaunguza mizizi. Vumbi la mkaa litoe kwa chekecheke, kwa sababu vumbi huziba nafasi za hewa ambazo chenga zimewekwa kuziacha.

Makumbi yawe yametoka kwenye nazi iliyofuliwa bara, usichukue yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba wa kamba. Yale yamekunywa maji ya bahari, na chumvi yake haitoki kwa suuza moja. Hata yasiyofukiwa, yaloweke kwenye maji ya mvua usiku kucha, kamua, rudia mara tatu. Kisha mimina kijiko cha maji ya mwisho kwenye sahani nyeusi na uyaache yakauke juani. Yakiacha ukungu mweupe, suuza tena. Mchanga wa ufukweni nao usiutumie hata ukiuosha, umejaa chumvi na vipande vya makombe.

Mchanganyiko upike kwa mvuke nusu saa kwenye sufuria yenye kichungio, kisha uache upoe mpaka kesho yake. Hii inaua mayai ya vijidudu na kuvu. Mtihani wake ni rahisi: chukua konzi moja iliyolowa, ikamue. Matone machache yatoke, na ukifungua kiganja bonge lisambaratike kwa kulisukuma kwa kidole. Likibaki limeshikana, ongeza mkaa.

Kuotesha jani

Chagua jani la safu ya pili au ya tatu kutoka nje. La katikati ni changa, litachelewa kuota mizizi kwa sababu bado linakua lenyewe. La nje kabisa limechoka. Kwa wembe safi uliopitishwa kwenye spiriti, kata kikonyo kibaki sentimita 3, mkato uwe wa mshazari, uso wa mkato ukitazama juu upande wa jani. Vitoto huota kwenye uso wa mkato, na ukikata namna hiyo vitatokea mbele badala ya kusongwa nyuma ya jani.

Acha mkato ukauke dakika 15. Chukua kikombe cha plastiki cha mtindi kilichotobolewa matundu manne chini, jaza mchanganyiko uliolowa kiasi, na choma kikonyo kwa mshazari mpaka sentimita moja na nusu iingie. Jani lenyewe lisiguse udongo. Usikandamize. Funika kwa mfuko mwangavu, weka mahali penye mwanga usio na jua la moja kwa moja. Kila siku mbili fungua mfuko dakika chache. Hewa ya Tanga tayari ina unyevu mwingi, hasa masika, kwa hiyo wakati huo mfuko usiuzibe kabisa: toboa matundu kadhaa, vinginevyo ukungu wa kijivu utakula jani ndani ya wiki.

Mizizi huchukua wiki tatu hadi nne. Vitoto huonekana juu ya udongo kati ya wiki ya sita na ya kumi, wakati mwingine zaidi kwa aina za porini. Usivitenganishe kwa haraka. Subiri majani yake yafike upana wa sentimita mbili, ndipo ugawe, kila kimoja kwenye kopo la sentimita 5 hadi 6. Jani mama likiwa bado zima, likate tena na ulirudishe. Litazaa mara ya pili. Kuanzia jani mpaka ua la kwanza hesabu miezi sita hadi tisa kwa machotara, na mara nyingi zaidi kwa za porini.

Aina zinazotambaa hazihitaji habari zote hizo. Kata kichwa chenye shina la sentimita 3, toa majani ya chini, choma. Chombo chake kiwe kipana na kifupi, maana mizizi haiendi chini.

Jani likioza kwenye mkato na kuwa jeusi, udongo ulikuwa umelowa mno. Likibaki zima na gumu miezi mitatu bila kuzaa, mara nyingi ni giza. Lisogeze kwenye mwanga na ukate robo ya juu ya jani kwa mlalo. Hapo huacha kukua lenyewe na kuanza kutoa vitoto.

Joto, mwanga, maji

Violeti inafurahi kati ya nyuzi 18 na 27. Juu ya 30 haifi, lakini huacha kutoa maua na vitumba hukauka. Tanga mjini, kuanzia Desemba mpaka Machi, wakati wa kaskazi, mchana hupita 30 karibu kila siku. Kwa hiyo kazi yako si kuipa joto, ni kuikinga. Chini ya bati lisilo na dari hapafai kabisa. Baraza linalotazama mashariki linafaa, jua liishe kuigusa kabla ya saa tatu asubuhi. Weka makopo juu ya trei yenye kokoto na maji, vitako vya makopo vikae juu ya kokoto nje ya maji. Anayekaa ufukweni aikinge na upepo wa kusi, unaobeba chumvi ya bahari na kuunguza kingo za majani. Lushoto na Shume ni kinyume: Juni mpaka Agosti ingiza ndani usiku.

Mwanga unasomeka kwenye kikonyo. Vikonyo vikirefuka na majani yakiinuka juu, mmea unatafuta mwanga. Majani yakibana katikati, yakikunjika chini na kupauka, mwanga umezidi. Aina za porini zinaridhika na mwanga mdogo kuliko machotara.

Maji: kopo likalishwe kwenye sahani yenye maji kimo cha sentimita mbili kwa dakika 20 hadi 30, kisha maji yanayobaki yamwagwe. Rudia pale udongo wa juu unapokuwa mkavu kwa kugusa na kopo limekuwa jepesi mkononi. Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, nayo huacha ukoko mweupe kwenye ukingo wa kopo, na kikonyo kinachoegemea ukoko huo huoza pale pale kilipogusa. Mara moja kwa mwezi mimina maji ya mvua kutoka juu mpaka yatiririke chini, kuosha chumvi. Usitumie maji ya friji. Tofauti ya nyuzi chache kati ya maji na jani inatosha kuacha pete na mabaka ya njano yasiyoondoka. Watu hudhani ni ugonjwa na kupuliza dawa.

Namna ya kumwagilia kwa utambi unaonyonya maji kutoka chombo cha chini, ambayo wapandaji wa nchi za baridi huisifu, kwa Tanga mjini naiona ni hatari. Kopo linalolowa saa zote kwenye joto la 30 ni kitanda cha kuvu la mizizi. Kama lazima utumie, ongeza mkaa mpaka ufikie nusu ya mchanganyiko, na utambi uwe wa nailoni. Wa pamba huoza.

Mbolea iwe hafifu: NPK ya kuyeyuka yenye uwiano sawa, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa lita 15 za maji, kila wiki mbili. Samadi ya kuku usiisogeze.

Yanayoharibika

Mmea ukilegea wakati udongo umelowa, usiongeze maji. Mizizi imeoza. Utoe, kata shina kwa wembe mpaka ufike penye nyama nyeupe safi isiyo na doa la kahawia, kisha otesha kichwa upya. Kama kahawia limefika kitovuni, okoa majani mazima tu.

Kitovu kikibana, kikawa cha kijivu na chenye manyoya mengi kuliko kawaida, ni utitiri usioonekana kwa macho. Uchome mmea moto. Kuuponya kunachukua miezi na majirani wake wataambukizwa. Pamba nyeupe kwenye mizizi au vikwapani mwa majani ni vidung'ata: vya juu vifute kwa pamba yenye spiriti, vya mizizini havifutiki, kwa hiyo chukua jani safi uanze upya. Unga wa njano uliomwagika juu ya petali unamaanisha thiripi, wadudu wadogo wembamba, wamepasua vifuko vya chavua. Ondoa maua yote na vitumba vyote kwa wiki kadhaa, wakose chakula. Kila mmea mpya ukae peke yake wiki sita kabla ya kuungana na wenzake.

Mbegu

Jani linakupa mmea uleule tena na tena. Anayetaka kutunza aina ya porini na tofauti zake lazima apate mbegu, na tena kutoka kwa mimea miwili tofauti ya mahali pamoja. Tatizo ni kwamba aina hizi huzaliana moja na nyingine bila ubishi. Nyuki mmoja barazani anaweza kukuletea chotara. Kwa hiyo kitumba kikikaribia kufunguka, kifunike kwa kipande cha chandarua.

Ua likiwa na siku tatu au nne tangu lifunguke, toa kifuko cha njano cha mmea wa pili, kipasue kwa ncha ya sindano, na upake unga wake kwenye ncha ya kijiti cha kike. Ncha ikiwa na unyevunyevu kidogo, inapokea. Funika tena. Baada ya wiki mbili, kikonyo kikibaki kijani na kitako cha ua kikivimba, imeshika. Tunda huchukua miezi minne hadi sita au zaidi kukomaa, mpaka liwe la kahawia na likunjamane. Lichume, likauke ndani ya bahasha ya karatasi wiki tatu.

Mbegu ni ndogo mno. Zimwage kwa kugonga karatasi nyeupe iliyokunjwa, juu ya mchanganyiko uliochekechwa laini, na usizifunike kwa udongo: zinahitaji mwanga ili ziote. Nyunyizia maji kwa rasharasha nyembamba ya chupa, funika kwa kioo au plastiki. Siku 10 hadi 21 kijani kitaonekana. Miche ikifika milimita 5, ihamishe kwa kijiti cha meno kilicholowa, ukishika jani, kamwe usishike shina. Miche ya tunda moja haitalingana. Hata ile inayodumaa usiitupe mapema, ila iandikie kibao tofauti chenye mama, baba, mahali pa asili na tarehe ya kupanda.